Sinema Aliyotufasiria Bi Rukia

Televisheni za siku hizi hazinuki. Ile ya Bi Rukia, jirani yetu wa mtaa wa Shika Adabu, ilikuwa ikipata moto inanuka vumbi linaloungua. Hadi leo nikipita kwa fundi wa redio nikaikuta harufu hiyo, najiona nimekaa mkekani kwake, miguu imekufa ganzi, namtazama mwanamke wa Kihindi akilia.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa amefariki miezi mitano nyuma, na ukoo wake wa Kaloleni ulikuwa umeshaamua: mama arithiwe na Baba Mdogo Katana. Tulikuwa watu wa kanisa, naam, lakini kanisa lilikuwa la Jumapili na ukoo ulikuwa wa wiki nzima. Wazee walimpa mama siku nane za kujibu. Akikubali, abaki. Akikataa, atoke, na sisi watoto watatu tupelekwe Kaloleni, kwani mahari ilishatolewa na kwao hilo lilitufanya mali ya ukoo. Baba Mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mke, watoto sita na kikohozi. Mama hakumtaka, ila hakuwa amemwambia mtu.

Siku ya saba ilikuwa Jumamosi. Alasiri wanawake wa mtaa walikusanyika kwa Bi Rukia kama kawaida. Yeye ndiye aliyekuwa na deki ya video, na ndiye aliyetufasiria. Aliwahi kuwapikia Wahindi kisiwani, ng'ambo ya feri, miaka saba, basi akajipa cheo cha kujua lugha yao. Sinema ya siku ile ilikuwa ya mwanamke aliyefiwa na mume kwenye mafuriko, akabaki na mtoto mchanga, na shemeji yake akawa anamletea unga.

"Amwambia nini shemejiye?" mmoja akauliza.

"Amwambia, unga nimepokea, ahsante, lakini mimi sirithiwi," akajibu Bi Rukia, bila kumtazama mama.

Mwishoni yule mwanamke alivishwa shada la maua, mikono imejaa hina, wakauzunguka moto yeye na shemeji. Nikashtuka.

"Bi Rukia, hii si harusi?"

"Harusi ya wapi, mwanangu! Atoka eda huyo. Wahindi hutoka eda hivyo. Na huyo mwanamume ni shahidi tu, wallahi."

Nikaridhika. Hakuna aliyebisha. Mama alikuwa akilia wala hajifuti.

Kesho yake wazee walifika baada ya ibada. Mama akawaandalia chai, akapiga magoti kuwaamkia, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Unga nimepokea, ahsante, lakini mimi sirithiwi." Hakuna aliyekuwa ameleta unga. Wazee wakatazamana. Mmoja alianza kufoka, lakini barazani kulikuwa na Bi Rukia na wanawake wote wa jana, wamejipanga kimya, na hakuna aliyewaita. Mzee akapunguza sauti. Walipoondoka walichukua baiskeli ya baba na kitanda. Sisi wakatuacha pale pale na mama. Nadhani walikumbuka wale sita wa Baba Mdogo.

Mwaka jana mdogo wangu aliipata sinema ile kwenye simu, safari hii ina maandishi ya tafsiri chini. Kumbe yule mwanamke hakukataa kitu. Alimshukuru shemeji, akakubali kuolewa, na harusi ilikuwa harusi. Nilicheka, kisha nikaumia. Ujasiri wote wa mama yangu, nikajiambia, ulisimama juu ya uongo wa jirani. Nikaenda kumweleza taratibu, nikichagua maneno.

Mama alikuwa akichambua mchele. Hakuinua hata kichwa.

"Sidi, Kihindi sikijui, lakini harusi naijua. Wote mle ndani tuliijua."

"Sasa mbona ulimwamini?"

"Nani kakwambia nilimwamini? Miezi mitano nilingoja mtu mmoja aniambie kwamba naweza kukataa. Mchungaji hakusema. Mama yangu mzazi hakusema. Rukia akasema, na mbele za watu."

Akaendelea na mchele wake. Mimi nilikaa pale nikiona haya, maana miaka yote nilikuwa nimewahesabu wale wanawake kuwa wajinga wa sinema. Katika chumba kile aliyedanganyika alikuwa mmoja tu, wa miaka tisa. Wengine waliiona harusi kwa macho yao, wakanyamaza ili mama apate la kusema, na kesho yake wakaja barazani kusikia akilisema.