Mkia wa Foleni

Mke wangu Nyanjige tulimzika mwezi wa tano, pamba ikipasuka. Siku ile nilitaka jambo moja tu: mdogo wangu Mayige aje kumuaga. Miaka kumi alikuwa hajala nyumbani kwetu. Sababu ilikuwa kura.

Jimbo letu nililikuta kubwa, ng'ombe anachoka kulivuka. Chama kilikuwa kimoja, wagombea wawili, mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Mimi shule sikuiona, lakini jembe nalijua. Mwaka tuliooana nilipiga jembe. Nyanjige akapiga nyumba. Nyumba ikashinda, akanicheka mpaka mvua za kupandia. Yeye alifika darasa la nne. Hizi herufi ninazoandika alinifundisha yeye, kwa kijiti, kwenye majivu.

Baadaye vyama vikawa vingi na jimbo likakatwa. Ng'ambo ya mto wakapata mbunge wao. Halafu mkoa mpya ukaja, watu wakaanza kusema sisi wa Simiyu. Kituo chetu cha kupigia kura hakikuhama. Ni pale pale, kwenye godauni la pamba la ushirika.

Pale godauni ndipo Nyanjige alipoonekana. Siku za mizani alikuwa akikaa nyuma ya foleni ya wauza pamba, na hakuna aliyempita, hata mwenye trekta. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi msimamizi wa kituo akampa kazi hiyo hiyo. Saa kumi kamili jioni anasimama nyuma ya mtu wa mwisho. Aliye mbele yake atapiga kura hata jua lizame. Aliye nyuma yake anarudi kwake. Watu wakamwita Mkia.

Kabla ya saa kumi alikuwa mtu mwingine. Alitoka mpaka barabarani kuwaita watu waliokuwa wakija, kina mama wenye watoto, wazee wenye fimbo. "Kazeni mwendo, bado sijasimama mkia." Ikifika kumi, basi.

Alisimama hivyo chaguzi sita. Wa tano ndio uliotuharibia.

Mwaka huo Mayige aligombea udiwani. Ukoo mzima ulimpigia kampeni, mimi nilichinja dume. Siku ya kura alishinda juu ya pikipiki tangu asubuhi, kituo hiki na kile, akiwapelekea mawakala wake ugali na maziwa. Alikumbuka kila mtu. Alijisahau yeye. Alipofika godauni kujipigia kura, Nyanjige alikuwa ameshasimama.

Mimi nilikuwa ndani ya foleni, wa nne kutoka mwisho. Nilisikia yote.

"Mwadila, shemeji," Nyanjige alimwamkia, kwa heshima kama siku zote. "Foleni imefungwa."

"Mkia, mimi ni mgombea."

"Bibi Anyes nimemrudisha sasa hivi, na mguu wake ule. Nikamwite?"

Mayige akatazama njiani, akamwona bibi anachechemea kwenda kwake. "Na yule naye alikuwa wangu," akasema. Watu wakacheka, na yeye akacheka. Alijua ameshinda.

Asubuhi matokeo yakabandikwa. Mwenzake kura mia sita kumi na mbili. Yeye mia sita kumi na moja.

Hakucheka tena. Shangazi zetu walisema mengi, kwamba ni mke gani anamfungia shemeji yake mlango wa serikali. Waliniambia nimrudishe kwao. Nikawaambia dume nililochinja lilikuwa langu na mke ni wangu. Mayige akahamisha ng'ombe wake kwenda Mwandoya. Nyanjige kila mavuno alimtumia mchele. Mchele ulirudi.

Uchaguzi uliofuata akasimama tena mkia.

Presha ndiyo iliyomchukua. Nilimpigia Mayige simu mara tatu, haikupokelewa. Katekista Selestini akapanga tuzike saa kumi jioni, alikuwa na msiba mwingine. Jeneza likawekwa uani, watu wakapanga foleni kuaga. Ilikuwa ndefu, ilipita zizi. Mimi mume nikakaa wa mwisho.

Foleni ikaisha mbele yangu. Nikabaki peke yangu na sikusogea. Katekista akanyanyua mkono kwa vijana wa kufunga jeneza. Hapo ndipo nilipoiona pikipiki inakuja kupitia shamba la pamba, nje ya njia. Mtu akashuka, akaja mbio, kofia mkononi, akasimama nyuma yangu. Alikuwa anahema kama jike linalozaa.

"Mzee, tufunge," katekista akasema. "Muda umeisha."

"Saa ngapi?"

Akatazama saa yake. "Kumi kasoro dakika tatu."

"Basi haijafungwa," nikasema. Nikarudi nyuma hatua mbili, Mayige akawa mbele yangu. "Pita. Mkia leo ni mimi."

Bibi Anyes alikuwa amekaa kwenye mkeka na mguu wake. Akaanza kucheka, huku analia. Wengine wakamfuata.

Mayige akaenda. Aliinama sana, kofia ikagusa ubao.

"Mwadila, shemeji," akasema. "Leo nimewahi."

Kisha nikaenda mimi. Tukafunga saa kumi kamili.

Baada ya kuzika, Mayige alikula ugali nyumbani kwangu. Akaomba na wali.