Mtambo wa Katibu Masalu

Masalu, katibu wa chama cha wakulima wa pamba katika kijiji kimoja cha Bariadi, mwaka huu alitaka uenyekiti kuliko ng'ombe anavyotaka chumvi. Sera yake ilikuwa moja: kuwakomesha wanaotia mchanga kwenye marobota ili yazidi uzito.

Silaha aliipata kwa mpwa wake Jenifer, aliyesomea fizikia chuo kikuu. Jenifer alimweleza kwamba wanasayansi hupiga gesi kwa mwanga mkali wa leza. Gesi hugeuka plazima, atomi zikiachana na elektroni zake, na elektroni hizo huburutwa nyuma ya mwanga ule kama karatasi nyuma ya basi la Mwanza. Zikishika kasi, hutoa eksirei. Mtambo wa kazi hiyo, uliohitaji jengo zima, sasa unakaribia kutosha mezani.

"Mtambo huo unaona mchanga ndani ya pamba?"

"Unaweza, mjomba. Lakini bado uko maabara, tena nchi za nje."

Masalu alisikia alichokitaka. Jumapili baada ya misa alitangaza, "Mtambo unaingia Jumamosi, siku ya uchaguzi! Robota lenye mchanga litaanikwa mbele ya watu!" Akaweka na meza yenye kitambaa cheupe mlangoni pa ghala.

Wiki ile wakulima waliingiwa na mapenzi ya ajabu kwa pamba yao.

"Mwangaluka, katibu. Naomba robota langu kidogo, nahisi lina unyevu."

Kila mmoja alilizungusha nyuma ya ghala, akalirudisha limekonda. Ngassa, mpinzani wake Masalu, alirudi mara tatu. Huko nyuma kikaota kichuguu cha mchanga.

Jumamosi Masalu alisimama kando ya meza tupu. "Mtambo umechelewa njiani, ila kazi umeshaifanya. Pamba yote ni safi!"

"Yote?" aliuliza Nyanjige, muuza maandazi ambaye kibanda chake kinatazama nyuma ya ghala. "Wenzako wote nimewaona wakimwaga. Wewe sijakuona, baba."

"Mayu," Masalu alimwambia mama yule, "langu halina..."

Vijana walishalibeba. Walipolipasua juu ya kitambaa cheupe, mchanga ulimiminika kama mtama. Kijiji kizima, ni Masalu tu aliyejua kwamba mtambo hauji. Basi ni yeye tu ambaye hakuogopa.

Watu walimzomea mpaka kuku wakakimbia. Hakuna hasira kama ya mtu aliyekuwa mwaminifu tangu juzi. Uenyekiti wakampa Ngassa, mwenye nusu ya kile kichuguu.