Siku Wafu Walipoitwa Kupokea Pesa za Maafa

Upepo ule uliing'oa mikarafuu yetu na mizizi yake, ikalala shambani kama watu waliopigwa wakaachwa. Watu wa serikali walipokuja kuandika hasara, mie nilikuwa nakata matawi. Kijana wao akauliza, "Hii ya nani?" Jirani yangu akawahi kujibu, akataja jina la mume wangu.

Hakuona kosa. Huku kwetu Wawi mkarafuu huitwa kwa jina la aliyeupanda, hata awe kishaoza kaburini. Mume wangu kafa zamani, na mie mwenyewe bado nasema naenda kwenye mikarafuu yake. Kijana akaandika, akaenda kwa jirani. Huko nako akatajiwa jina la baba yake jirani, naye marehemu. Hakuna aliyeshtuka.

Baadaye tukaitwa uwanja wa skuli. Kijana akasema majina yatasomwa hadharani, kila mtu asikie nani anapewa, pasiwe na minong'ono. Tukafurahi. Pesa zile nilizitaka nisafishe shamba nipande upya, maana wajukuu zangu walikuwa wamebakiwa na kuni tu.

Akasoma jina. Kimya. Akasoma jingine. Kimya. Kisha likaja la mume wangu, kwenye kipaza sauti, pamoja na la baba yake, kama anavyoitwa mtu mzima wa afya. Wallahi niligeuka kutazama njia ya shambani, nikidhani atatokea na panga lake, aulize anaitiwa nini.

"Huyo tumemzika," mzee mmoja akapaza sauti. "Na hao wa mwanzo pia. Soma tu, labda utafika kwetu tulio hai!"

Watu wakacheka, kicheko kikafa upesi.

Kijana akakunja uso. "Kumbe hawa ni wakulima hewa! Pesa zao zitarudi."

Nikainuka. "Hewa nani, mwanangu? Hewa inachimba mashimo? Mikono yake niliiosha mie alipokufa, magamba kama kobe. Usimwite hewa mbele yangu!"

Sheha, mkuu wa mtaa wetu, akamnong'oneza kitu. Kijana akateremsha sauti. "Bi mkubwa, nisamehe. Lakini nataka mwenyewe aliye hai. Sema hapa, watu wasikie. Mikarafuu ya nani?"

Swali jepesi. Lakini umri wangu wote sijapata kulijibu isipokuwa kwa jina lake.

"Yangu," nikasema.

Akalifuta la mume wangu, akaandika langu, akalisoma kwenye kipaza sauti. Watu wote wakasikia. Nadhani na yeye huko kaburini alisikia.

Pesa nilipata, na miche sasa imenifika magotini. Wajukuu huiita mikarafuu ya bibi, nami najiona, sitosema uongo. Lakini kila nikifika pale penye mashimo ya mikarafuu yake, napiga hodi kwanza.