Siku Niliyompa Mwenyekiti Kazi ya Uvimbe

Jamani, aibu niliyoipata kwenye kijiji kimoja jirani na Kasulu hata mama yangu kule Tanga sijamsimulia, ila nyie nawaambia ilimradi msinicheke (najua mtacheka). Mimi ni nesi, na nilikwenda kuwashawishi akina mama wenye uvimbe kwenye titi waje kupimwa, maana wengi huuficha mpaka mambo yameharibika. Mwenyekiti wa kijiji akawa mgeni rasmi, na mimi na adabu zangu za pwani nikaona kwenye igizo fupi nililoliandaa la kuwaelimisha lazima apewe nafasi kubwa kuliko wote. Nafasi kubwa ilikuwa ipi? Uvimbe.

Mgambo wawili wapya nikawafanya seli changa za kinga, yaani askari wa mwili ambao bado wanajifunza kazi, na wajumbe wa mwenyekiti wakawa seli zinazouzunguka uvimbe. Nikaeleza kwamba uvimbe na majirani zake huwapokea wale askari wachanga, huwalea, huwafunza vingine, hadi aliyekuja kuukamata anageuka mlinzi wake, ndiyo maana unakua kimya kimya na ndiyo maana tuwahi. Mwenyekiti, kumbe ana kipaji! "Karibuni wanangu, kaeni," akawaambia mgambo, wajumbe wakawamenyea ndizi, na punde vijana wakasimama nyuma ya kiti chake wakifukuza watu.

"Mmeelewa?" nikauliza, nimejaa furaha.

"Ego!" uwanja mzima wa shule ukaitikia ndiyo kwa Kiha, na mama mmoja akadakia, "Ndiyo maana mbao za shule zilipotea na mgambo walikuwepo wakizilinda!"

Wacha watu wacheke, na mimi mjinga, kabla sijafikiri, nikapiga makofi. Mwenyekiti akainuka. "Mkutano umefungwa. Na hakuna mtu wa kupimwa na huyu."

Watu wakatawanyika, nikabaki na maganda ya ndizi, natamani ardhi inimeze. Ndipo mama mmoja mpole akanivuta nyuma ya darasa, akauchukua mkono wangu akauweka kwenye titi lake. Kitu kigumu kama kokwa.

"Muganga, mimi ndiye mke wake," akanong'ona. "Hajui."

Nilisahau aibu yote, nikaogopa. Nikaongozana naye hadi kwao, nikapiga magoti mlangoni majirani wakiona, nikaomba radhi, kisha mkewe akamwambia mwenyewe. Mzee alikaa kwenye ngazi, akamvuta mkewe akae kando yake.

"Kesho nampeleka Kasulu," akasema. "Na hao wengine watangazie, waje."

Nilipoaga akaniita. "Nesi! Siku nyingine uvimbe ucheze wewe."

Nimeapa, tangu siku ile naucheza mimi, na mgeni rasmi tunampa soda.