Nilipoitafuta Roketi Katika Mahindi ya Baba

Mimi sijui kukaa kitako. Mama husema nilizaliwa nikiwa nimesimama, na Jumamosi ile nilimpa sababu ya kusema tena. Tangu nifike Kitale kutoka Bungoma, ninakofundisha fizikia, nilikuwa nimezunguka boma letu mara sita nikitazama mawingu. Nilikuwa na roketi ya kadibodi yenye urefu wa mkono wangu, na Jumatatu ilibidi niirushe mbele ya wanafunzi. Kama ingeniaibisha, basi iniaibishe nyumbani kwanza, ambako wamenizoea.

Ndani ya pua yake nilikuwa nimebana kifaa kidogo cha GPS, kile ambacho wenye bodaboda huficha chini ya kiti ili pikipiki ikiibwa waifuate kwa simu. Fundi aliyeniuzia aliuliza ni pikipiki aina gani. Nikamwambia ni ile inayopaa. Alicheka, akaniongezea gundi ya bure.

Niliirushia pale ng'ombe wanapolishwa. Ilipanda kwa mlio wa kitambaa kinachochanwa, parachuti niliyoishona kutoka kwa mwavuli mbovu ikafunguka, halafu upepo ukaibeba juu ya zizi na kuitumbukiza katika mahindi. Mwezi wa saba mahindi ya kwetu yanakuzidi kimo. Ukiingia humo huoni kitu ila majani, na majani yenyewe yanakukata shingo.

Nikafungua simu. Roketi ilikuwa kitone chekundu, mimi kitone cha buluu. Nikaingia nikiangalia skrini tu, nikijikwaa kwenye matuta, na kila nilipodhani nimekaribia kitone changu kiliruka pembeni. Nilisimama, nikarudi nyuma, nikaitukana simu matusi ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Mita thelathini. Mita kumi na mbili. Kisha nikaiona, imening'inia, mwavuli umenasa kwenye bua.

Nilifurahi kwa muda wa kama pumzi tatu. Nikataka kuwaonyesha wanafunzi jinsi vitone viwili vilivyokutana, nikabadilisha ramani iwe ile ya picha ya setilaiti ili ipendeze. Picha ilikuwa ya zamani, jiko letu jipya halikuwemo. Lakini mikaratusi ya upande wa jirani ilikuwemo, safu nzima, ile ambayo Baba aliikata na kung'oa visiki vyake miezi michache baada ya jirani yetu kumzika mumewe. Alituambia inamaliza maji ya shamba.

Vitone vyangu vyote viwili vilikuwa ng'ambo ya mikaratusi.

Niliinua macho. Mahindi niliyosimama ndani yake yalikuwa yetu, niliyapalilia kwa mikono yangu wakati wa likizo. Seng'enge inayotutenga na jirani ilikuwa bado mbele.

Kwetu mpaka huonyeshwa wana wa kiume. Kaka zangu wawili, kila mmoja alipotoka jandoni, Baba alimtembeza kandokando ya shamba, mti kwa mti, jiwe kwa jiwe. Siku hizo mimi nilikuwa jikoni nikichambua mboga. Kwangu mpaka ulikuwa pale palipo na waya, na sikuwahi kuuliza.

Nikajiambia simu inakosea. GPS hukosea kweli, hilo nalifundisha mwenyewe, lakini hukosea mita nne, tano. Niliizima, nikaiwasha. Nikatembea hadi kwenye waya nikihesabu, nikarudi, nikaichukua roketi na kwenda tena hadi kwenye waya nikihesabu. Hatua ishirini. Nikaona haya kana kwamba ni mimi niliyeng'oa visiki.

Nikasikia majani yakipasuliwa nyuma yangu. Baba alikuwa anakuja kunitafuta. Wakati huohuo jirani alifika kwenye waya upande wake, kanga kiunoni, mikono ina udongo. Ni mama aliyekuwa akinipa viazi vya kuchoma nilipotoka shule ya msingi.

"Imeanguka wapi hiyo kitu yako, mwalimu?" akaniuliza kwa sauti. "Niliona ni kama inakuja kwangu."

"Imeanguka hapa kwetu," Baba akajibu kabla sijafungua mdomo. "Ameshaipata. Wewe, twende, chai inapoa."

Ningeweza kwenda. Ujasiri sina, ila hasira ninazo, na mara nyingi hasira hunifanyia kazi ya ujasiri.

"Imeanguka kwako, Mama," nikasema. "Kwa ramani, miti ya zamani iko huku nyuma yangu."

Baba alinitazama kama mtu asiyenifahamu. "Hizo vitu za simu si hudanganya watu kila siku?" akasema. Akageuka, akapotea katika mahindi, na tulimsikia kwa muda mrefu akiyapasua.

Nilingoja jirani aniulize zaidi, au alie, au anishukuru. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alifuta mikono kwenye kanga.

"Si najua," akasema. "Hapo mimi nililima na mzee wangu miaka yote. Nilikuwa nangoja tu mtu mmoja wa hii boma yenu aseme. Kaka zako wakikuja huwa wanasimama hapa kwa waya, wananisalimia vizuri sana."