Kampuni yetu ya software ya muziki iliishia kwenye kaseti moja

Wakuu, poleni na majukumu. Nimeona humu vijana mnalia laptop zimekufa na kazi zenu zote. Ngoja niwape ya kwangu. Sina sababu ya kudanganya maana mjinga wa kisa hiki ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa Moroni, kwetu Komoro, miaka ya themanini, enzi za wale mamluki wa Kizungu walioshika jeshi. Mimi na rafiki yangu Said, mtu wa Mutsamudu kule kisiwa cha Nzuani, tulifungua kampuni ya software ya muziki.

Msicheke.

Tulikuwa na kompyuta moja ndogo ya kuchomeka kwenye TV, kaka yangu aliileta kutoka Ufaransa. Nikajipa cheo cha Mkurugenzi.

Programu yetu ilipiga midundo ya twarab, mwimbaji anaimba juu yake. Siku zile programu ilihifadhiwa kwenye kaseti ya kawaida. Ukiiweka kwenye redio inapiga kelele tu, kriiiii.

Kaseti ilikuwa moja. Kuna vile vidude viwili vya plastiki, ukivivunja hakuna anayeweza kurekodi juu yake. Said alitaka kuvivunja, nikamkataza. Mkurugenzi bado anaboresha!

Fundi Abdou, mkubwa wa chama cha twarab Mutsamudu, akakubali kuijaribu. Akiipenda, ataitumia harusi zote za msimu. Kusikia hivyo nikamshauri Said aache ualimu. Akaacha kweli.

Bandarini Moroni, tukisubiri boti ya kwenda Nzuani, askari wa mamluki wakaichukua kaseti, wakaiweka kwenye redio. Kriiiii! Wakauliza ni ujumbe wa nani. Nikasema ni twarab. Wakaona nawadhihaki, wakaniambia basi niimbe. Beti mbili tu wakatuachia, nadhani walihurumia masikio yao.

Mutsamudu tulifikia kwa mama yake Said. Nikamsimulia ya askari, akacheka mpaka machozi.

Kesho yake tukapita vichochoroni, Said kabeba TV kichwani, mpaka kwenye chama. Wazee wamejaa. Nikachomeka, nikabonyeza. Kimya. Nikarudia mara tatu, jasho linanitoka. Niliona aibu sijapata kuona.

Fundi Abdou akaichomoa kaseti, akaiweka kwenye redio. Vigelegele! Wanawake wanaimba kwa Shindzuani, lugha ya Nzuani, na sauti ya mbele ni ya mama yake Said.

Mama mwenyewe alikuwa mlangoni, kaja kututazama.

"Wanangu, jana mlipokwenda msikitini niliisikiliza, nikaona askari wameiharibu. Nikawaita majirani, tukawarekodia nyingine juu yake. Mngeaibika."

Fundi akanigeukia: "Mkurugenzi, mashine yako imejua Shindzuani kabla yako. Hii naichukua."

Akamchukua mama. Harusi zote za msimu ule aliimba yeye.

Mimi nikaenda na Said kwa mwalimu mkuu wake, nikaomba msamaha mimi. Alirudishwa. Kampuni ikaishia hapo.

Funzo: mdharau mwiba mguu huota tende. Fanyeni backup, na mama mwambieni mmebeba nini. Haya, nanyi semeni mlipoteza nini, nisichekwe peke yangu.

Mama alishatangulia mbele ya haki. Kaseti ninayo. Vile vidude nilivivunja siku ile ile, asije mtu akamfuta.