Sauti Zilizochelewa

Wanawake wa bonde lile walimwita Mama Jiwe, kwa sababu mtandao ukiwa mgumu muuguzi huyo alipanda juu ya jiwe nyuma ya zahanati, akapayuka simuni hadi hospitali kubwa imsikie. Alikuwa mkunga hodari, mwingi wa utani. "Mimi na mnara wa simu ni kama mume na mke," alizoea kusema. "Tukinuniana, watoto ndio wanaoumia."

Mvua zilipoanza, radi iliupiga mnara. Simu zikafa bonde zima, zikakaa hivyo hadi watu wakazoea.

Asubuhi moja ya ukungu mzito, Mama Jiwe alikuwa akimfunga kidonda mzee seremala, ambaye mguu wake ulikataa kupona. Ghafla simu ya muuguzi ikatetemeka mfukoni, ikalia, ikalia tena, kama debe lenye nyuki. Mtandao umerudi! Kwa furaha akafungua ujumbe wa kwanza wa sauti.

"Shikamoo nesi. Kichwa kinanigonga tangu jana, na macho yanaona vimulimuli. Nije, au nisubiri?"

Bandeji ikamponyoka. Seremala akainua uso polepole.

"Huyo si mkwe wangu?"

Mama Jiwe aliitambua sauti. Walikuwa wameshamzika, yeye na mimba yake. Jeneza alilichonga mzee huyuhuyu.

"Mjibu basi," mzee alisema, kama mtu aliye usingizini. "Mwambie aje."

"Baba, hayupo tena."

"Lakini si anauliza?"

Mama Jiwe akafungua ujumbe wa pili. Alikuwa mke wa mfinyanzi, wa ng'ambo ya mto, naye ana mimba kubwa. Malalamiko yaleyale: kichwa, macho, miguu kuvimba. Ulitumwa leo, au zamani? Simu ilionyesha saa ya kupokelewa tu. Akampigia. Ikaita, ikaita, ikakatika.

Akanyakua mkoba wa dawa, akatoka mbio. Ukungu ulificha nyumba, haukuficha sauti. Kwenye kila dirisha simu zililia, na ndani mlisikika maneno yaliyopitwa na wakati: mtu akimwalika dada yake harusi iliyokwisha, mwingine akiuliza hali ya mgonjwa aliyekwisha kufa. Njiani hapakuwa na mtu.

Kwa mfinyanzi mlango ulikuwa umeegeshwa.

"Hodi!"

Akaingia. Simu ilimulika juu ya vyungu vibichi. Kando yake, sakafuni, mwanamke alilala na povu mdomoni. Mama Jiwe akasogeza shavu puani pake. Pumzi ilikuwapo, hafifu.

Akamchoma sindano ya kuzuia degedege, akapiga simu hospitali, na gari likaja. Mtoto alizaliwa huko kwa upasuaji, na mama akapona. Ujumbe wake ulikuwa wa alfajiri ileile.

Baada ya siku hiyo Mama Jiwe alitoa maboksi yote stoo, akapanga vitanda. Mimba ikikaribia miezi yake, mwanamke huja kukaa hapo, mnara uwake usiwake. Mafundi walipopita kumhakikishia kwamba sasa hautazimika tena, aliwaitikia, "Ahsanteni, wanangu," akaendelea kutandika shuka.